Upepo Kwenye Breki

Kitendawili!

Umesema tega? Haya, sikiliza: mmoja amekaa juu, mmoja amelala chini, hawaonani, ila wanaitana na kuitikiana, mmoja asipoitika, kazi yote imelala.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Indianapolis. Nimekwenda Indianapolis, nimekula mahindi ya siagi na ile nyama ya nguruwe ya kukaanga inayouzidi mkate wake kwa upana, nimelala, nimerudi. Jibu lake ni watu wawili wanaotoa upepo kwenye breki za gari. Mmoja yuko kwenye kiti anakanyaga pedali, mwenzake yuko uvunguni anafungua skrubu. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" "Shikilia!" "Nimeshikilia!" Sasa ukiwa peke yako, nani ataitika?

Duane Hostetler alikuwa peke yake. Gereji yake ilikuwa nyuma ya nyumba, mwisho wa mji, pale mashamba ya mahindi yanapoanza, na ndani ya gereji lilisimama gari la baba yake, Chevelle ya bluu ya mwaka sitini na tisa, limeinuliwa juu ya stendi kama mgonjwa kitandani. Baba alilinunua jipya, na alipokufa akaliacha kwa wanawe wawili bila kusema la nani. Likakaa kwa Duane kwa sababu ndiye aliyekuwa na gereji. Kaka yake mkubwa, Lyle, aliishi mji wa pili, ng'ambo ya mto, na kila Jumapili ya kiangazi alikuja, akageuza ndoo akaikalia, akanywa kahawa na kulitazama gari kama mtu anayetazama moto wa jikoni.

Mwaka mmoja Marlene, mke wa Duane, alifariki majani yalipokuwa yanapukutika. Hawakujaliwa watoto. Siku ya mazishi Lyle alimshika ndugu yake bega, akaingia garini mwake akaondoka. Kisha theluji ikaanguka, na mpaka ilipoyeyuka hakuonekana.

Ndipo katika baridi hiyo Duane aliposhika grainda na kuikata chesesi ya mbele ya gari la baba.

Kazi yenyewe ina maana, usidhani alipatwa na wazimu. Magari yale ya zamani yana injini ya nguvu za fahali, lakini miguu yao ya mbele ni ya enzi zake: barabara iliyonyooka yanakwenda kama mshale, ila kwenye kona pua inalala upande na dereva anabaki kumwomba Mungu. Kwa hiyo wako mafundi wanaoikata sehemu hiyo ya mbele na kuweka miguu ya gari la kisasa la mbio. Duane alipata ya Corvette iliyogongwa nyuma na kuishia kwa muuza vyuma chakavu: mikono ya alumini, shokapu, usukani wake, na breki kubwa kama sinia. Alipima kwa uzi na timazi, akachomelea, akapima tena. Alifanya kazi taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kurudi ndani.

Majira ya kuchipua Lyle akaja na boksi la donati. Alisimama mlangoni. Miguu ya zamani ilikuwa imelazwa ukutani, imekatwa, na huko kwao gari lililobaki na kila kipande chake cha kiwandani ni kama kanga ya marehemu mama: huikati ukasema utaishona.

"Ulimwuliza nani?" Lyle alisema.

"Kaka, ngoja kwanza nikueleze. Kwenye kona..."

"Sijakuuliza mambo ya kona. Kabla hujalikata gari la baba, Duane, ulimwuliza nani?"

Duane alijifuta mikono kwa kitambaa. Akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi. Lyle aliliweka boksi la donati juu ya meza ya kazi, polepole, akaondoka.

Tangu siku hiyo kukawa kimya. Kiangazi kikapita, Krismasi ikapita, Pasaka ikapita. Lyle ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyemkumbuka mama yao akiimba jikoni, na Duane alijua kwamba simu isipolia mpaka mmoja wao azikwe, basi udugu wenyewe umekwisha hivyo, kwa swali moja.

Gari nalo lilikamilika, isipokuwa breki.

Miaka yote Marlene ndiye aliyekanyaga pedali. Alikuja na kufuma kwake, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaitika bila kuinua macho kwenye uzi. Sasa Duane alinunua chupa yenye mpira ya kutolea upepo, ile wanayosema mtu mmoja anatosha. Pedali ikazama. Upepo ulikuwa bado umo. Akaegemeza ubao kati ya kiti na pedali. Ikazama. Siku moja alilala uvunguni, spana mkononi, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Kanyaga!" Na akangoja. Alingoja muda, mpaka baridi ya sakafu ikamwingia mgongoni, ndipo akatoka.

Jumamosi asubuhi wazee wa magari hukutana kwenye maegesho ya duka la donati, kila mmoja kafungua boneti yake, kahawa mkononi. Duane alikwenda kwa lori lake la kazi, kama kawaida.

"Huyo bibi harusi wako wa gereji vipi, Duane?" alisema Vern, aliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Fungate gani hili? Hatoki nje?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo! Bado kidogo yako imeota ndevu!" Wakacheka. Vern akamsogelea, akashusha sauti. "Ni breki, sivyo? Nije nikukanyagie? Dakika mbili tu."

"Nitamaliza mwenyewe."

"Mwenyewe, mwenyewe. Wewe na huo umwenyewe wako mtazikwa kaburi moja. Basi mwite Lyle. Au bado mmenuniana kama watoto waliogombea peremende?"

Duane alirudi nyumbani, akapasha supu ya kopo, akala amesimama, kwa sababu meza ikikaliwa na mtu mmoja inakuwa kubwa mno. Kisha akapiga simu.

"Nani?" Lyle aliuliza, ingawa jina lilikuwa limeandikwa pale kwenye simu yake.

"Mimi, kaka. Naomba mguu wako."

"Mguu wangu? Magoti yangu yote mawili ni mabovu."

"Mmoja tu unatosha."

Duane alisikia redio upande wa pili, mtu anatangaza bei ya soya.

"Nina majani ya kukata," Lyle alisema, na simu ikakatika.

Basi, Duane akajiambia. Hata hivyo kesho yake baada ya kanisa alifagia gereji, akaitafuta ile ndoo, akaipangusa, akaigeuza. Akaona aibu, akairudisha ilivyokuwa. Jua lilikuwa limeshapinduka aliposikia magurudumu kwenye kokoto.

Lyle aliingia bila kubisha hodi. Alilizunguka gari mara moja, mikono mfukoni, akainama mbele.

"Limekuwa kama babu aliyevaa viatu vya mwanariadha," alisema.

"Linakata kona lakini. Yaani, litakata, likipata breki."

"Babu ana haraka ya kwenda wapi?" Akafungua mlango, akajishusha kwenye kiti huku akiguna. Mkono wake ukapapasa kiti pale palipochanika zamani, akauacha hapo. "Haya, ingia uvunguni kabla sijabadili mawazo."

Duane akaingia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Kule chini Duane alifumba macho kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu, nzito, yenye mafua, inatoka juu pale pale inapopaswa kutoka.

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Wakafanya hivyo gurudumu baada ya gurudumu, wakarudia. Pedali ikazama.

"Hii si breki, ni uji," Lyle alisema. "Umefunga sponji huko?"

"Nimefunga sawasawa. Nimefunga breki tangu nina nywele."

"Nywele zilikwenda zamani. Toka hapo nione."

Akapiga magoti, akililaani kila goti kwa zamu yake, akamulika kwa taa nyuma ya diski ya breki ya kushoto. Akaenda ya kulia, akamulika. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"We Duane!"

"Nini?"

"Hebu nionyeshe skrubu ya kutolea upepo iko wapi."

Duane akainama kando yake. Skrubu ilikuwa chini kabisa, inatazama sakafu.

"Upepo unapanda juu," Lyle alisema, anacheka mpaka machozi, "wewe unauvizia mlango wa chini. Umelivalisha viatu kinyume, mdogo wangu! Cha kulia kushoto, cha kushoto kulia. Ungenunua chupa za mji mzima, hautoki!"

Duane aliziona breki zile kama mara ya kwanza. Kila siku amezitazama, na kila siku amekiona kile alichokusudia kukifunga. Jicho la pili halikuwepo la kumwambia. Naye akaanza kucheka, na kicheko kikamtoka vibaya, kama mlango wenye kutu.

Wakazifungua, wakazibadilisha. Lyle alishika taa na kumpa spana kabla hajaziomba. Kisha akarudi kwenye kiti, na Duane akalala chini.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

Vipovu vikatoka kwenye mpira, vingi, vikapungua, vikawa kimoja kimoja, vikaisha. Duane akakaza skrubu.

"Imekuwa ngumu," Lyle alisema juu. "Kama jiwe."

"Achia basi. Tumemaliza."

Lakini kiti hakikulia, wala mlango haukufunguka. Matone ya mafuta ya breki yalidondoka kwenye sinia, moja, jingine.

"Duane," sauti ilisema. Haikuwa na ukali tena. "Mpaka leo hujanijibu. Ulimwuliza nani?"

Duane aliitazama mikono ile ya alumini juu ya uso wake, inang'aa, mizuri, migeni.

"Sikumwuliza mtu, kaka," alisema. "Baridi ile kila asubuhi nilipika kahawa ya watu wawili, nikaimwaga ya mmoja. Nilitaka kazi isiyoisha upesi. Nilipita chumba hadi chumba, grainda mkononi, natafuta wa kumwuliza. Nikatoka mpaka barabarani, kwenye theluji, nikatazama upande wa kwako. Hapakuwa na mtu."