Kupe Bado Anapita Getini

...eti mtalaka wake, mchana kweupe, kakalia kochi lisilo lake tena, ujumbe wa mdogo wake ndio unaingia sasa hivi, "Dada, huyu mtu yuko hapa tena, anauliza rimoti iko wapi," rimoti! hana haya hana soni, si bure shangazi alimbandika jina la Kupe, na huku Bosi amemsimamia mgongoni, pumzi ya kahawa shingoni, "Mama Kiini, programu imeshanyang'anywa ukurasa wake wa kumbukumbu, kapewa mwenzake, inaandikaje humo tena?" inaandikaje, kama vile yeye, mtunza kiini cha mfumo, ndiye aliyelizaa hilo shetani, tangu asubuhi anakagua majedwali, na majedwali ya kurasa ni kama kuuliza njia mtaani, la kwanza halijui nyumba, linajua tu la pili linakaa wapi, la pili likutume kwa la tatu, la tatu kwa la nne, hilo la nne ndilo lijualo chumba chenyewe ndani ya kumbukumbu ya mashine, umbea wa ngazi nne, na amefuta, amefuta kwa mkono wake, chumba hakina tena jina la programu ile, kama alivyomfuta Kupe, talaka imesainiwa, kitanda kimeuzwa, kitasa kipya, "Nani kamfungulia?" anaandika kwa kidole cha hasira, "Mimi nimemkuta ndani, Dada, usinipandishie," muongo huyu mtoto, au... ufunguo wa akiba... ufunguo wa akiba, hata wa kitasa kipya, unakaa kwa mlinzi wa getini, "Karibu mzee," anampa bila kuinua macho, kwa nini aulize, sauti anaijua miaka, na prosesa nayo ndivyo ilivyo, mvivu, haizunguki majedwali kila safari, njia iliyopita jana imeifunga kiunoni kama ufunguo, jedwali ufute usifute, mpaka uiambie sahau, na nani aliyeiambia? nani aliyemwambia mlinzi? mama anajua, shangazi anajua, hadi muuza vitunguu anajua na amecheka, mlinzi tu ndiye hajui, kwa sababu yeye mwenyewe aliona aibu kutamka neno talaka mbele ya kibanda chake, basi aibu hiyo ndiyo iliyomtandikia Kupe kochi... "Unanisikia lakini?" Bosi, bado yuko mgongoni, na Kupe bado yuko kochini, na mstari ule mmoja wa amri bado haujaandikwa, ila vidole vimeshafika juu ya vitufe, kwanza wewe, prosesa, sahau, halafu nateremka pale getini, na nitalitamka hilo neno talaka kwa sauti, wapangaji wote wasikie.