Mbeleko Ndani ya Gitaa Dogo

Nyumba yangu ina dirisha moja la duara, haina mtu, ukiipapasa inalia. Kitendawili hiki nilimtegea mjukuu wangu Precious tangu yu mdogo. Jibu lake ni gitaa, lile dogo la nyuzi nne ambalo vijana wanaliita yukulele. Babu yake, marehemu Asheri wangu, aliyatengeneza magitaa hayo hapa Pongwe kila atokapo kwenye shamba la mkonge. Jina hakuandika. Kazi yake uliijua kwa kuchungulia tumboni: mbao zilipokutana alibandika utepe wa kanga yangu iliyochakaa, unyevu wa pwani usije ukaziachanisha.

Sisi wenyewe hatukubakiwa na hata moja. Basi Precious aliporudi kutoka Nguvumali akasema, "Bibi, kwa Badr muuza vitu vya kale kuna gitaa kama lile unalolisimulia, na mwenyewe Badr hamjui fundi wake," chai yangu niliiacha mezani.

Badr tulimkuta anasugua kiti kwa tambara la vanishi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Lete hicho kigitaa nikione."

Nilikipakata. Shingo nene, mgongo umechongwa kwa subira, kama Asheri alivyokuwa. Nikachungulia. Ndani peupe, pasafi.

"Siyo la mume wangu," nikasema. "La kwake lina kitambaa."

Badr akacheka. "Lilikuwa nacho, bibi! Utepe mrefu umezunguka tumbo zima. Nimeubandua kwa maji ya moto. Uchafu ule nani angeununua?"

"Uko wapi?"

Alitazama mkono wake mwenyewe, tukautazama sote.

Nilimpokonya lile tambara. Chini ya vanishi palikuwa na wekundu, na pembeni mshono wa uzi wa kijani. Mshono wangu. Niliushona pale Loveness alipopatafuna kwa meno yake ya kwanza.

Loveness ndiye kifungua mimba wangu. Malaria ilimchukua kabla hajasimama dede, lakini mpaka leo Pongwe nzima inaniita Mama Loveness. Tulipotoka kuzika niliitafuta ile kanga nyekundu, mbeleko yake, maana mbeleko ya mtoto wa kwanza hubeba na wanaomfuata. Nilipekua hadi stoo ya kuni. Asheri akaniambia, "Acha kutafuta, mke wangu. Imetunzwa." Zaidi ya hapo hakusema. Waliofuata niliwabeba kwa nguo ya kuazima.

Mwaka ule ule alitengeneza gitaa moja dogo kuliko yote, akaipa kwaya ya kanisani. Nami nilikuwa naimba katika kwaya hiyo hiyo. Kumbe Jumapili hadi Jumapili mwanangu alilia pembeni yangu, na mimi nikipiga makofi. Kwaya ilipopata kinanda cha umeme, gitaa likapotea.

"Lichukue, bibi," Badr alisema, akinisogezea gitaa. "Wallahi sikujua."

"Ungejuaje, baba? Wewe umesafisha tu. Hebu lipige."

Akalipiga. Ubao ukatetemeka na kugongana kama meno ya mtu mwenye homa. Tukaona ufa umeanza kufunguka ubavuni, pale pale utepe ulipokuwa.

Nyumbani niliuloweka ule utepe kwa maji ya moto, nikaupaka mafuta ya nazi. Wapi! Vanishi imeshika. Ukiukunja unavunjika kama ganda la muhogo. Harufu yake ni ya dukani. Ya mtoto haimo hata chembe.

"Tutabandika kanga nyingine, bibi," Precious alisema.

"Tutabandika."

Kisha akataka kunichangamsha. "Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina dirisha moja la duara, haina mtu..."

Nilikitazama kile kigitaa ukutani. Nikamwambia nimeshindwa, maana nyumba ile ilikuwa na mtu. Akasema nimpe mji, basi nikampa Pongwe, na makaburi yake.