Msinilaze, Nataka Kusikia

Mimi naunga mifupa. Fika Mgori uulize kwa Alute, hata mtoto mdogo atakuonyesha nyumba. Mkono, bega, kifundo cha mguu, miaka arobaini nafunga banzi na watu wanatembea. Sasa fikiria aibu yangu siku mkokoteni uliponipindukia na magunia ya alizeti juu yake, nikasikia nyonga ya kushoto inalia kah! Nilijua papo hapo ni wapi. Pale pale alipovunjika Asnath.

Asnath ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa na miaka kumi na sita punda alipomtupa korongoni. Nilimfunga mwenyewe, nikaamuru alale chali miezi mitatu, asijigeuze hata kidogo. Alipoinuka, mguu mfupi, anachechemea, na mpaka leo ni mama wa watoto wanne anachechemea. Watu wakaniuliza, Alute, vipi tena? Nikasema alijitikisa. Nilisema mbele ya ukoo mzima, kwa sauti, maana mimi sijui kunong'ona. Nilimwambia atulie, mtoto mkaidi, hakutulia! Wala sikuwa nadanganya. Niliamini hivyo.

Basi ikawa zamu yangu. Sixbert, mwanangu, alinifunga nikimwelekeza, kila fundo nalikagua, likilegea namfokea. Nikalala chali miezi mitatu. Kukojoa kwenye kopo, kunguni wananitafuna, sikujigeuza! Nilipoinuka, mguu mfupi. Anachechemea Asnath, nachechemea mimi. Hapo ndipo swali liliponiingia kichwani likagoma kutoka. Kama mimi sikujitikisa na mfupa haukuunga, je, yule mtoto?

Nilikaa na swali hilo mwaka na nusu na fimbo mkononi, simwambii mtu. Halafu zikaja habari kwamba madaktari bingwa watakuwa mjini Singida wiki nzima, wanatoa nyonga mbovu na kuweka ya chuma. Sixbert akanipeleka. Wakanipiga picha, wakasema mfupa wa paja umevunjika kwenye shingo yake, pale unapoingia nyongani, na haukushika, kesho kutwa tunakufanyia. Na aliyejitolea kubaki hospitalini kuniuguza, unafikiri nani? Asnath. Alikuja na sufuria yake, ndoo yake na kanga mbili, akatandika mkeka chini ya kitanda changu.

Siku moja kabla ya upasuaji akaja binti mmoja amevaa nguo za kijani. Akaniamkia shikamoo vizuri, nikamwitikia.

"Naitwa Daktari Rukaiya, baba. Mimi ndiye wa usingizi. Kuna njia mbili, nataka uzijue. Ya kwanza ni nusu kaputi. Unalala kabisa, tunakuwekea mpira kooni, mashine inakusaidia kupumua, ukizinduka kazi imekwisha. Ya pili ni sindano ya mgongoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini husikii maumivu, ila akili iko macho."

"Nusu kaputi," akasema Sixbert. Nani kamuuliza? "Hiyo ya mgongo hapana. Mke wangu alichomwa alipojifungua, mpaka leo mgongo unamuuma."

"Mkeo analima heka tatu kwa jembe la mkono," nikamwambia. "Hebu nyamaza nimsikilize mtu."

Rukaiya akacheka kidogo. Akaeleza kwamba sindano hiyo huweza kuleta maumivu ya kichwa siku mbili tatu, na presha hushuka kwa hiyo wanaiangalia. Kupooza kunatokea kwa nadra sana, lakini hakusema hakupo. Nusu kaputi nayo ina mambo yake, hasa kwa kifua kama changu kinachokohoa. "Kwa hali yako mimi ningependa ya mgongoni. Ila zote mbili tunaweza, na uamuzi ni wako."

Nikamuuliza, "Nikiwa macho nitaona?"

"Tunaweka pazia. Kusikia utasikia. Wengine hawapendi, maana kuna msumeno na nyundo. Ukitaka nakuongezea dawa ya kukusinzisha."

"Nyundo?" Moyo wangu uliruka, nakuambia kweli. Miaka arobaini napapasa nyonga za watu kwa juu ya ngozi, sijawahi kuuona mfupa wenyewe ukiwa mbichi, kwa mtu aliye hai. "Na daktari wa mifupa nikimuuliza swali atanijibu?"

"Akiwa na nafasi atakujibu. Unataka kumuuliza nini?"

Asnath alikuwa anakunja kanga pale miguuni. Nikasema tu, "Nina swali langu."

Sixbert akaondoka kurudi shambani amenuna. Asnath akaniuliza, "Mjomba, kwa nini usilale tu? Mimi ningelala." Ningemwambia nini? Kwamba nikilala nitaamka Alute yule yule, fundi aliyeangushwa na mtoto mkaidi? Jambo lenyewe ndilo hilo. Usingizi ulikuwa unanilinda, na nilijua.

Asubuhi wakanisukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Baridi ya mle ndani, lo! Rukaiya akanikalisha pembeni mwa meza, akaniambia nijikunje kama nafunga kamba za viatu. Halafu akasimama mbele yangu.

"Nakuuliza mara ya mwisho, baba. Ya mgongoni?"

Bwana wee, niliogopa, na sikuiogopa sindano. Nilimwona Asnath wa miaka kumi na sita anajaribu kusimama uani kwetu, na mimi namfokea. Neno nusu kaputi lilifika hadi kwenye meno. Nikalimeza.

"Choma," nikasema.

Ilikuwa kama kuumwa na siafu, basi. Joto likashuka miguuni taratibu. Nikaliamuru dole gumba la mguu lisogee, likanikatalia. Nikaliamuru tena. Mguu wangu mwenyewe hauna habari na mimi! Nikaanza kucheka peke yangu, nikamuuliza Rukaiya dawa imepita wapi, imejuaje kuishia kiunoni, atajuaje ikipanda juu. Alinijibu yote huku akinipitishia pamba ya baridi tumboni kupima imefika wapi. Wakanilaza ubavu, wakavuta pazia.

Daktari wa mifupa anaitwa Laurenti, mtu mrefu, sauti ya chini. Nikamsikia anakata, anaomba vifaa. Msumeno ukalia. Mwili wangu ulitikisika wote bila maumivu yoyote, na harufu ya mfupa uliopata moto ikanijia puani. Nikangoja kelele zitulie.

"Daktari, umekifikia kichwa cha mfupa?"

"Kumbe uko nasi, mzee! Ndiyo, kimetoka hiki hapa." Akaniletea juu ya pazia kwenye bakuli la chuma. Kitu cha mviringo, ukubwa wa limao, upande mmoja umesagika. Sikujua kama kina uzuri ule.

"Mbona hakikuunga? Nililala chali miezi mitatu. Sikujitikisa."

"Hata ungelala kama jiwe. Angalia hii rangi, kimekufa. Mishipa inayokipelekea damu inapita hapa shingoni. Shingo ikivunjika, mishipa inakatika, kichwa kinakosa chakula. Banzi la nje haliwezi kukisaidia. Aliyevunjika hapa anatakiwa kuletwa hospitali haraka, apigwe skrubu, na hata hivyo kwa wengine haushiki."

"Mtoto je? Wa miaka kumi na sita?"

"Huyo ndiye wa kumkimbiza zaidi."

"Na kama alijitikisa?"

Alikuwa ameshaanza kazi tena. Akanijibu bila kunyanyua kichwa. "Mzee, mgonjwa hana kosa hapo. Kosa ni la aliyemweka nyumbani."

Hakujua anazungumza na nani. Machozi yakanitoka, na kwa kuwa nililala ubavu yalivuka pua yakaenda jicho la pili. Rukaiya akainama.

"Unasikia maumivu, baba?"

"Hapana."

"Nikupe ya kusinzia kidogo?"

"Usinipe."

Nikaisikiliza nyundo mpaka mwisho.

Jioni wodini miguu ilianza kunirudia. Asnath akaleta uji, akakaa. Sikuweza kungoja nipone, mimi si mtu wa kungoja.

"Asnath, nisikilize. Ule mguu wako. Hukujitikisa."

Akakiacha kijiko kwenye kikombe.

"Hata ungejitikisa isingekuwa kitu. Daktari amenionyesha. Mfupa ule hauungwi na banzi. Ilikuwa nikukimbize hospitali siku ile ile, nikajifanya najua. Kosa ni langu. Nilikusingizia mbele ya watu, na nitakuondolea lawama hiyo mbele ya watu wale wale."

Nilitegemea alie, au anitukane, na ningelipokea tusi lake.

"Mimi nilijua sikujitikisa," akasema. "Ila mama hakujua."

"Mama yako? Kwani yeye alikuwa na nini?"

"Ulimwagiza anilinde usiku nisijigeuze. Alikaa kwenye kigoda miezi mitatu, Mjomba, kila usiku, ameshika mguu wangu kwa mikono miwili. Usiku mmoja alisinzia. Uliposema nimejitikisa, akajua ni usiku ule. Mpaka anakata roho alikuwa ananiomba msamaha."

"Hakuniambia hata siku moja! Ningemwambia..." Nilijua ningemwambia nini: ningemfokea.

"Angekuambiaje?" Asnath akasema taratibu. "Alikuwa anakuogopa."

Dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani, na alikuwa ananiogopa.