Madirisha ya Marehemu

Sikupata kuitwa mwongo na mwanangu mpaka siku mashine ya kupimia hewa iliponisingizia. Kwa hiyo nikisema nilianza kwa kuichukia, msinishangae.

Aliileta Thuwein, mwanangu wa pekee, mwezi wa kumi na moja, baada ya daktari kusema Lujain ana pumu. Lujain ni binti yake, ana miaka saba, na tangu alipoachishwa ziwa analala na mimi chumbani kwangu, huku chini. Baba yake na mama yake wanalala juu. Nyumba yetu ipo mtaa wa Al Barsha, huku nchi ya Waarabu, ya zamani kidogo, tuliihamia mimi na marehemu mume wangu Thamer wakati Thuwein bado anasoma. Mashine yenyewe nyeupe, ukubwa wa kisahani cha kikombe, ikatundikwa ukutani karibu na kitanda changu. Ina taa moja. Ikiwaka kijani hewa nzuri, ikiwaka manjano uangalie, ikiwaka nyekundu hatari. Na ikishawaka nyekundu, haikuambii wewe uliye mbele yake, inampelekea Thuwein habari kwenye simu. Nimeishi na mawifi watano, umbea wa namna ile sikupata kuuona.

Siku ya pili tu ikanishtaki. Mimi kila alfajiri, nikishaswali, nawasha kipande cha makaa, natia kwenye chetezo, naweka udi, nafukiza chumba na nguo. Mama yangu alifanya hivyo Unguja, na mama yake kabla yake. Nyumba isiyonukia udi kwangu mimi si nyumba, ni ghala. Basi moshi haujafika hata kwenye pazia, taa ikageuka nyekundu, na Thuwein huyo anashuka ngazi na kikoi chake, simu mkononi.

"Mama, moshi umepita kiasi mara kumi."

"Moshi gani? Huu udi."

"Mashine haijui udi, Mama. Inajua moshi."

Tulivutana wiki mbili nzima. Mwisho nikaacha, na wala sikushindwa na mashine, nilishindwa na kifua cha Lujain. Asubuhi moja alikohoa mpaka akakaa kitako kitandani, mabega yanapanda na kushuka, akaninyooshea mkono nimpe dawa yake ya kuvuta. Nikampa. Kisha nikachukua chetezo nikakipandisha juu ya kabati, nyuma ya masanduku. Kikohozi kikapungua. Nalisema japo laniuma.

Nami pole pole nikaanza kuizoea ile mashine. Lujain alinifundisha kuisoma. Ina kioo kidogo, ukikigusa inabadilisha namba, hii ya joto, hii ya unyevu, nyingine hata yeye hakuzijua. Mchana akirudi shule tunajinyoosha pamoja, tunafunga mlango, na akiniona sijasinzia ananionyesha namba moja inayopanda taratibu.

"Hizi pumzi zetu, Bibi. Tukitoka inashuka."

Sikuamini. Nikamwacha amelala, nikaenda jikoni, nikarudi baada ya muda, nikaiangalia. Ilipanda kidogo kidogo, kwa pumzi zake tu, kiumbe kidogo kile mdomo wazi. Nikasimama pale nimeshika kiuno. Miaka sabini na moja navuta pumzi na kuitoa, sikujua kuna mtu anaweza kuihesabu. Subhanallah, nilisema, na kuanzia siku hiyo nikawa naipangusa vumbi mwenyewe.

Haikupita wiki, ikanisaliti.

Ilikuwa Jumatano baada ya adhuhuri. Namsubiri Lujain, simu ikalia. Thuwein, anapiga kutoka kazini.

"Mama, tulikubaliana nini?"

"Kuhusu nini?"

"Taa nyekundu tangu asubuhi. Jana ilikuwa manjano. Mama, unafukiza tukishatoka?"

"Wallahi sijagusa udi."

Nilijua huko aliko amekunja uso, kama alivyokuwa akikunja baba yake.

"Chetezo kipo juu ya kabati," nikamwambia. "Njoo upapase kama kina moto."

"Mama, yule mtoto anaumwa."

"Mimi ndiye nisiyejua anaumwa? Usiku wote anakesha naye nani?"

Jioni ile godoro la Lujain likapandishwa juu. Khairunisa, mkwe wangu, alikunja shuka zake bila kunitazama, na mtoto alilia ngazi nzima. Thuwein akasema ni mpaka taa irudi kijani. Kesho yake nyekundu. Keshokutwa nyekundu. Mimi peke yangu chumbani, sina udi, sina mjukuu, na taa inawaka kana kwamba nimechinja mtu. Nilikiangalia kitanda chake kisicho na godoro nikaona aibu, nikaona na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mashine haisemi uongo, ndivyo walivyosema wote. Basi mwongo alikuwa nani?

"Mlete aliyekuuzia," nikamwambia Thuwein. "Aje aseme mbele yangu."

Akaja Jumamosi asubuhi, kijana Mkenya, Naftali, kavaa sare ya kampuni yao ambayo karakana yake ipo Ras Al Khor. Alivua viatu mlangoni, hilo nililipenda.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Kwenu hamna shikamoo?"

Akacheka, akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nihukumu."

Hakunihukumu. Aligusa mashine, akafungua simu yake, akasogeza kidole juu na chini, uso wake ukabadilika. Akamwita Thuwein aje karibu.

"Sir, hizi siku ulikuwa unaangalia tu rangi ya taa?"

"Ndiyo. Nyekundu si moshi?"

"Hapana. Taa ni moja lakini inapima vitu mingi. Moshi hapa iko chini kabisa, mama hajachoma kitu. Hii imeshika ni radoni. Iko mia mbili na arubaini. Ikipita mia, inafaa ufanye kitu."

Thuwein alinitazama, kisha akatazama chini. Mimi nilitaka kusema maneno, nilikuwa nayo mengi, lakini lile jina lilinishika.

"Radoni ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni gesi, mama. Inatoka kwa udongo. Kwa mawe kuna madini kidogo kidogo, karibu kila mahali duniani, sasa hayo madini yanaoza polepole sana, ndiyo yanatoa hii gesi. Inapanda, inapita kwa nyufa za floor. Haina harufu, haina rangi. Nje upepo inaitawanya. Lakini ndani, AC inawaka, madirisha zimefungwa, inajaa. Mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumharibu mapafu. Kwetu Kakamega nyumba ya shosho, bibi yangu, ilikuwa na mianya juu ya ukuta, hii kitu haingepata pa kukaa."

"Na imeanza kutoka lini?"

"Tangu dunia iumbwe, mama."

Nikaitazama sakafu. Vigae vyeupe, nimevipiga deki mimi mwenyewe miaka na miaka, nimeswali juu yake, Lujain kajifunza kutambaa juu yake. Na chini ya vigae saruji, na chini ya saruji mchanga, na chini ya mchanga mawe ambayo hayajaonwa na jicho la mtu, nayo yanatoa pumzi inayopanda polepole mpaka inafika miguuni pangu. Hofu ilikuwapo, siwezi kusema haikuwapo, lakini zaidi ya hofu niliona udogo wangu. Nilidhani naijua nyumba hii. Nilikuwa naijua kwa pua tu.

"Lakini kuna kitu sielewi," akasema Naftali. Akatuonyesha simu yake. Mstari unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kisha unapanda na haushuki tena. "Hizi ni wiki mbili za kwanza. Kila siku radoni inapanda, ikifika kama saa kumi na mbili asubuhi, paap, inaanguka. Halafu inaanza tena kupanda pole pole. Kila siku hivyo hivyo, hata Ijumaa. Halafu hapa, khalas, haianguki tena. Kuna kitu mlikuwa mnafanya hapa mkaacha. Ni nini?"

Thuwein akahesabu siku kwa vidole. Akasema polepole, kama anayetoa jino, "Udi. Siku hiyo ndiyo Mama aliacha udi."

Nikainua kidevu. Yaani udi wangu ndio uliokuwa unatulinda! Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia.

Naftali akatikisa kichwa. "Moshi haiwezi kutoa radoni, mama, pole. Moshi yenyewe ilikuwa inamuumiza mtoto, hiyo ni kweli. Ni kitu ingine. Ukishachoma udi, ulikuwa unafanya nini?"

"Nafukiza nguo."

"Halafu?"

"Halafu nazima AC. Nafungua madirisha yote mawili na mlango wa uani. Moshi unatoka mpaka jua linachomoza, ndio nafunga."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ulipoacha udi?"

"Hakuna moshi, nifungulie nini? Niingize vumbi la barabara wanayojenga huko nyuma?"

Naftali akaweka simu juu ya meza, akatabasamu. "Ni hiyo, mama. Ni madirisha. Nani alikufundisha kufungua?"

Hapo nikakaa kitandani.

Hakunifundisha mtu. Nililazimishwa. Thamer hakuupenda udi. Alikuwa akisema unamkaba koo, na kila alfajiri, nikishika chetezo tu, husikia ile sauti yake ya usingizi, "Fungua madirisha, Tufaha, wataka kunizika hai?" Nami humjibu kwamba harufu yote inakwenda kwa majirani, kwamba udi mzuri hauchomwi ukaachiwa barabara. Nikichelewa huinuka mwenyewe, kashika kiuno chake, anafungua la kwanza, anafungua la pili, anaguna. Tuliuanza ugomvi huo siku ya tatu ya ndoa, tukagombana miaka thelathini na moja. Wageni wakitusikia walidhani tunaachana.

Amefariki mwaka wa sita sasa. Nami sikuacha kufungua. Hakuna wa kunilazimisha, udi ni wangu, chumba changu, na mkono unakwenda wenyewe dirishani. Sikufungua kwa sababu ya hewa. Nilifungua kwa sababu nisipofungua ninamsikia.

Nikawaambia hivyo hivyo, mbele ya kijana wa watu. Thuwein alikuwa amegeukia ukuta.

"Basi huyo mzee amewakinga, mama," akasema Naftali. "Kila siku. Na hata yeye hakujua."

Nililia. Sikujificha wala sikufunika uso. Nilimlilia Thamer kwa namna ambayo sikumlilia siku ya matanga, maana siku ile nilimlilia mume, na leo nilikuwa nalilia maneno yake yote niliyoyaita kelele.

Thuwein akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima na ndevu zake. "Nisamehe, Mama. Nilikutilia shaka."

"Umeniita mwongo."

"Nilikuita. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Godoro la mtoto utalishusha mwenyewe kwa mgongo wako."

Lakini Naftali akasema bado, kwanza namba ishuke na itulie. Akapiga magoti na kurunzi, akakuta ufa chini ya kabati, na mwingine pale bomba la maji linapoingia chooni. Akaziziba, na baada ya siku mbili akaja kufunga feni ya kutolea hewa. Iliyobaki, alisema, ni kazi yangu, madirisha kila alfajiri. Udi ukahamia uani, nje, mbali na kifua cha mtoto. Nafukiza nguo zangu kule, na harufu inakwenda kwa majirani.

Nilingoja siku tisa. Kila asubuhi nilivaa miwani nikasoma namba ya radoni kabla sijanywa chai. Mia na sabini. Mia na kumi. Themanini. Siku ya tisa thelathini na nane, taa kijani, na Thuwein akashuka ngazi na godoro mgongoni anahema, Lujain nyuma yake na mto.

Alfajiri iliyofuata nikaswali, nikazima AC, nikaenda dirishani. Baridi ya mwezi wa kumi na mbili ikaingia. Nikasema kwa sauti, "Haya, nimefungua, umefurahi?"

Lujain akatoa kichwa ndani ya blanketi. "Bibi, unasema na nani?"

"Na babu yako. Tumegombana miaka mingi, leo nimemwambia ameshinda."

Akafikiri kidogo. "Anasema nini?"

"Anasema fungua na la pili."

Akalitupa blanketi, akateremka na miguu mitupu juu ya vigae, akaning'inia kwenye komeo mpaka dirisha likafunguka. Kisha akaja akakaa mapajani pangu, tukaitazama namba ikishuka.