Vifaranga Waliosema Babu

Jumamosi asubuhi mfugaji wa samaki alivaa aproni ya mpira, akamzungushia samaki dume wa aina ya arowana taulo bichi na kumpanua kinywa kwa kidole gumba. Kwa arowana, baba ndiye mlezi. Jike akishataga, dume huyabeba mayai kinywani na kukaa na njaa wiki baada ya wiki mpaka vifaranga waweze kuogelea. Wafugaji hawana subira hiyo. Alimtikisa taratibu juu ya beseni, na vifaranga wakadondoka mmoja mmoja.

Mama yao alikuwa mwekundu, baba wa dhahabu. Kuwapatanisha kulimtoa mfugaji jasho, maana mwanzoni walitafunana mapezi. Sasa vifaranga walikuwa na rangi ya machungwa yaliyoiva, na wa kwanza alipogusa maji alisema, "Babu." Wengine wakafuatia.

Mke wa mfugaji, aliyekuwa mlangoni akikunja nguo, alisema hiyo ni sauti ya mjukuu wao. Mfugaji akazima pampu ili awasikie vizuri.

Chumba hicho cha matangi kilikuwa cha binti yao. Alipoolewa na mwanamume wa kabila jingine, baba alitoa kitanda siku hiyohiyo na kuleta matangi ya vioo. Alisema hataki damu yake ichanganywe. Mtoto alizaliwa, akatembea, akaanza kusema, na babu hajamtia machoni. Kila alipoletwa, bibi alimpakata nje ya geti.

"Na hawa si umewachanganya mwenyewe?" mkewe aliuliza.

"Hawa ni samaki," alisema. "Hawabebi jina langu."

Hata hivyo aliwapenda, tena sana. Aliwakatia kamba wadogowadogo kwa mkono wake na kuitika kila alipoitwa. Wanunuzi walikuja, wakasikiliza, wakasifu matamshi. Mtu huyu, ambaye angeweza kuuza hata kiti alichokalia, aliwarudisha wote mikono mitupu. Alisema damu haiuzwi. Dume alibaki kwenye tangi la pembeni akifungua na kufunga kinywa kitupu, hagusi chakula, na hakuna aliyekuja kumtazama.

Kisha binti akaja getini na mtoto, akaleta habari kwamba mumewe amehamishwa kikazi, mbali, na kesho wanaondoka. Hakuomba radhi wala baraka. Aliomba baba ampakate mtoto mara moja tu, ili akiulizwa ukubwani aweze kusema kwamba alipakatwa. Mama yake aliupeleka ujumbe chumbani kama ulivyo.

Mfugaji alikuwa akifuta kioo. Alisema amesikia, akaendelea kufuta.

Pale getini mtoto alichoka kusubiri, akaita, "Babu."

Sauti ilipita dirishani ikajaa chumbani. Vifaranga walikuwa wametulia chini kabisa ndani ya tangi, vinywa vimefungwa, wote. Mkewe aliliona hilo, na alijua kwamba mumewe naye ameliona. Mfugaji aliweka kitambaa chini, akawainamia samaki wake.

"Naam, babu," aliitika kwa upole, akawatupia kamba. "Nipo hapa."

Nje, mtoto alisikia ameitikiwa. Akauachia mkono wa mama yake, akasogea mpaka pua ikagusa geti, akangoja lifunguliwe.