Hukumu ya Kuli, Msimu wa Pili

Nianze kwa kusema kwamba zile tamthilia sizipendi. Mtu mzima, ndevu kidevuni, amevaa soksi mwili mzima, anaruka kutoka ghorofa hadi ghorofa, na mkewe nyumbani hajui leo watakula nini. Upuuzi mtupu! Lakini mume wangu Venant alizipenda kupita kiasi, na katika miaka yetu kumi na mitatu hapa Sydney sijawahi kumshinda kwenye rimoti.

Alikuwa na sababu yake. Kambini Tanzania, tulikokimbilia kutoka Burundi, Venant ndiye alikuwa mtafsiri wa banda la video. Filamu inaongea Kiingereza au Kichina, yeye kakaa kando na kipaza sauti, anawasemea wote kwa Kiswahili, majambazi, mabibi harusi, hata mbwa. Majina ya kigeni aliyatupa, akawabatiza watu majina yake mwenyewe. Na alikuwa na tabia moja mbaya: zikibaki dakika kumi filamu iishe, anazima jenereta. "Mwenye roho na arudi kesho saa kumi!" Watu walimtukana hadi mama yake mzazi, na kesho yake saa tisa na nusu banda limejaa. Mimi mwenyewe nilirudi kesho, nikarudi keshokutwa, mwisho nikaolewa naye.

Hapa alifanya kazi kwenye ghala moja la Smithfield, kubeba maboksi. Ndiyo maana shujaa wa ile tamthilia, mtu mwenye nguvu za kunyanyua chochote, lori, daraja, jengo zima, alimwita Kuli. "Mwenzangu huyu," alikuwa akisema, "ila yeye halipwi ovataimu." Kila Ijumaa sehemu mpya ikitoka, alirekodi hukumu yake na kuituma kwenye grupu letu la WhatsApp la Warundi na Wakongo: hadithi ikoje, wamepigana namna gani, alama ngapi kwa kumi. Msimu wa kwanza aliupa nane. Méthode, Mkongo wa Auburn, akasema nane ni nyingi, wakabishana wiki mbili. Venant hakuwahi kufurahi vile tangu tufike nchi hii.

Msimu wa pili ulianza Julai 2021, tumefungiwa ndani, helikopta za polisi zinazunguka juu ya nyumba zetu utadhani sisi ndio tuliotengeneza korona. Kufungiwa kwenyewe kulikuwa kwa wenye kompyuta. Wa maboksi walienda kazini kama kawaida. Sehemu tatu za mwanzo tulizitazama pamoja, Venant, mimi na binti yetu Armelle wa miaka kumi na sita. Ile ya kwanza tu, Kuli akapoteza nguvu zake. Hawezi hata kubeba ndoo. Venant akaipa sita na kusema, "Ngoja, zitarudi. Wananyima makusudi hawa."

Jumanne iliyofuata akarudi kutoka shifti anatetemeka. Alhamisi pumzi haikutosha kumalizia sentensi. Ambulensi ilipokuja, watu wawili waliovaa kama wa mwezini wakamkalisha kwenye kiti na kumtoa, na mimi nikabaki mlangoni, maana hakuna kusindikiza. Venant akashusha barakoa kidogo. "Mama Armelle, kesho ni Ijumaa. Wewe ndiye hakimu sasa. Usiniangushe."

Wewe! Mtu anakosa pumzi, anawaza Kuli.

Nikatazama. Kiingereza changu ni cha kuogesha wazee na kuwauliza kama wamekunywa dawa, kwa hiyo Armelle alinieleza pale nilipopotea, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili cha kubahatisha. Halafu nikampigia baba yake hospitalini na kumsimulia yote. Nikamwambia mchumba wa Kuli ana sura ya kukopa chumvi na kutorudisha, na kwamba adui anaongea mno, mwenye kazi ya kuua huua akaenda zake. Venant alicheka mpaka mashine ya oksijeni ikaanza kulia, nesi akaja. Sehemu ya nne nikaipa tano, ya tano nikaipa saba. Grupu likafurahi. Méthode aliandika, "Dada Spéciose, wewe hakimu mkali kuliko mzee!"

Ila mimi nilichokuwa nakitazama si Kuli. Nilikuwa nasikiliza pumzi. Wiki ya kwanza alisema maneno sita ndipo apumue. Wiki ya pili, matatu. Kazi yangu ni kutunza wazee, hesabu hizo nazijua, na niliogopa sana. Nikawa nampa hadithi ili awe na kitu cha kungojea, na nikajidanganya kwamba anayengojea Ijumaa hawezi kufa Jumatano.

Ijumaa ya sehemu ya sita, ambayo ndiyo ya mwisho, tulitazama mchana tukiwa bado karantini, mimi na Armelle. Nikampigia. Nikamsimulia jinsi jengo lilivyoanguka, mdogo wake Kuli yuko chini ya zege, hai, anaita. Kuli anatambaa kwenye kifusi, asiye na nguvu, anafika, anaweka mikono yote miwili kwenye lile zege, anavuta pumzi.

Nikanyamaza.

"Ee?" akasema Venant.

"Mwenye roho na arudi."

Halafu nikasikia anacheka, kicheko chembamba kisichotoka nje. "Mke... mkorofi."

"Ulitufanyia miaka minne kule kambini. Rudi nyumbani uone mwenyewe."

Kesho yake asubuhi nesi akapiga. Waceke, Mkenya, binti mzuri aliyekuwa akimshikia Venant simu. "Mama, madaktari wameamua kumlaza usingizi wamwekee mashine ya kupumulia. Uko na dakika tano hivi uongee na mzee. Nimemwekea simu sikioni, usikimbie maneno."

Armelle akaongea kwanza. Alisema anampenda, kwa Kiingereza, mara tatu, akanirudishia simu na kukimbilia chumbani.

"Baba Armelle."

"Zili... rudi?" Alimaanisha nguvu.

Jamani, mimi nilijua anachoomba. Wanaowekewa mashine ile, wengine huamka na wengine hawaamki, hilo nalijua kuliko wengi. Na kwa sababu nalijua, mdomo ulikataa. Niliona nikimwambia mwisho, nimemuaga. Nimekubali. Nimemfungulia mlango aende. Hasira zikanipanda, na hofu yangu siku zote huvaa hasira.

"Sikuambii."

"Mama Armelle... na kama..."

"Hakuna kama! Ukiamka nitakuwekea sehemu ya sita yote, utatoa alama mwenyewe. Nimesema. Hapa nilipo nimechoka kuwa hakimu."

Akapumua. Akapumua tena. "Haya," akasema. "Nita... rudi."

Nikambembeleza kwa maneno mengine, kwamba namuombea, kwamba Armelle kafaulu mtihani, kwamba nimelipia rego ya gari, ile ada ya usajili ya kila mwaka. Rego ya gari! Waceke akasema muda umekwisha.

Siku kumi na moja baadaye akafa, hajaamka. Tulimzika watu kumi, wengine wakatazama kwa simu, na mchungaji alizuiwa kuimbisha.

Sasa grupu linaniuliza hukumu. Si kwa ubaya, najua. Méthode anasema tumalizie kazi ya mzee, msimu wa pili upate alama zake, tumuenzi. Miezi minne nimekaa kimya. Leo nimewapa: tisa. Venant angesema saba, angelalamika kwamba ngumi hazitoshi. Méthode akajibu papo hapo, "Tisa ni nyingi, dada," na wengine wakamrukia, wamechangamka kama zamani. Nikafunga simu nikalia mpaka Armelle akaja kukaa nami kitandani.

Maana mwisho wenyewe ni huu. Nguvu hazikurudi. Kuli alisukuma zege likakataa. Basi akalala chini, akapenyeza mkono kwenye ufa, akamshika mdogo wake mkono hadi zimamoto walipofika, na mdogo akatolewa mzima. Ndiyo yote. Kuusema hakumalizi hata nusu dakika, na mimi nilikuwa nazo tano.