Kulia ni Upande wa Jikoni

...kumi kwa kumi, na amestahili, Mwalimu Virginia anajiambia, kalamu nyekundu juu ya jina la Fartun, maana mtoto amevuka barabara ya chokaa waliyoichora uwanjani bila kosa, kulia, kushoto, kulia tena, hakukimbia, na darasa zima la pili limefanya vivyo hivyo, kengele ingelia tu akapumzike, amechoka, na mwalimu mkuu, Bwana Kimanzi, anangoja alama mlangoni pa ofisi, yeye ndiye aliyesema wafundishwe kuvuka baada ya Khalif kugongwa na lori lililokwepa mashimo yaliyoachwa na mvua za El Nino, jioni, akienda kwao Noonkopir, na Khalif yule pale ukutani, mguu haukunjiki, anawatazama wenzake tu... "Mwalimu, niko na ngapi?" Ngoja, Fartun... lakini kiatu chake kisicho na kamba kimebaki ng'ambo, anarudi kukichukua, anasimama mstarini kwa adabu, anasema "kulia" na kutazama jikoni kwa shule... jikoni? alipokuwa akienda, jikoni kulikuwa kulia kwake, sawa, lakini sasa amegeuka, jikoni ni kushoto kwake, mdomo unasema hivi na macho yanakwenda kule, labda ni yeye peke yake, Mungu wangu, iwe ni yeye peke yake... "Githinji, inua mkono wa kulia." Anauinua, unaelekea jikoni. "Haya, geuka." Githinji anageuka, anaushusha, anainua ule mwingine, jikoni tena, na wenzake wanaitikia kwa kichwa, amepata... wiki nzima aliwavusha kwenda upande wa tangi la maji tu, wakirudi wanazungukia nyuma ya darasa kupanga foleni, ili wasisukumane, ili amalize haraka, akajisifu eti wana nidhamu, kumbe hawakujifunza kulia, wamejifunza jikoni, na kule Namanga Road, wanakovuka kwenda kwao, hakuna jikoni, watatazama wapi, malori ya simiti yakishuka kutoka Athi River, watatazama wapi jioni hii hii... "Virginia, umemaliza? Nipige kengele waende nyumbani?" anauliza Kimanzi, na Fartun, kiatu mkononi, "Mwalimu, si uniambie, niko na ngapi?" na kalamu bado iko juu ya jina lake, haijaandika kitu, na Virginia anaogopa, anaogopa kweli, kengele aliyoingoja mchana kutwa, sasa anaiomba isilie.